Viti viwili na kibao "KAA TUZUNGUMZE": sanaa, au umbea uliovishwa koti?

#1 Fundi_Rangi
Wadau, salamu. Jumamosi jioni hapa Mombasa, pale Lighthouse, upande wa wauza mihogo, nimekuta meza ndogo, viti viwili vya plastiki na kibao kimeandikwa kwa chaki KAA TUZUNGUMZE. Kijana aliyekaa pale si muuzaji, si mhubiri, si mpiga ramli. Nikamuuliza unauza nini. Akasema hauzi kitu, hii ni kazi ya sanaa, na kazi yenyewe ni yale mazungumzo yatakayotoka kati yake na yeyote atakayekaa.

Mimi ni mchoraji. Nachora mabango ya maduka na matatu, rangi nanunua kwa jasho langu. Nikajiona naibiwa jina mchana kweupe.

Sasa naleta kwenu. Moja, hiyo ni sanaa? Mbili, hata ikiwa sanaa, mji huu unaihitaji ya nini? Hawa wameiga mambo ya huko ambako mtu akaa miaka mitano hajui jirani anaitwaje. Hapa mji wetu una baraza za kukaa na kupiga stori, na Mji wa Kale hujamaliza kufunga mlango ushaulizwa wenda wapi na chakula cha mchana kilikuwa nini.

Moto uwake.

#2 KahawaTungu
Ulikaa hukukaa?

#3 Fundi_Rangi
Nilisimama. Nilikuwa na mihogo mkononi, pilipili yanidondoka.

#4 KahawaTungu
Alisimama na mihogo yake akahojiana na mtu asiyemjua mpaka ikapoa. Yakhe, ushachorwa.

#5 Chaki_Nyeupe
Fundi, hasira zako nazielewa ila mambo haya si mapya, na si ya watu wavivu. Mwaka 1992 msanii Rirkrit Tiravanija alihamishia jiko kwenye nyumba ya sanaa New York akapika wali na mchuzi wa Kithai akawagawia waliokuja. Chakula chenyewe kilikuwa chambo. Alichotaka ni watu wasiojuana kukaa sahani kwa sahani. Kabla yake Mjerumani Joseph Beuys alianza kupanda mialoni 7,000 mjini Kassel mwaka 1982, kila mti na jiwe lake, akisema jamii yenyewe yaweza kufinyangwa kama kinyago.

Lakini ninayempenda zaidi ni Luke Jerram wa Uingereza. Alikuwa akienda kufua nguo kwenye duka la mashine za kufulia, kila wikendi anaona nyuso zile zile, wote wamekodolea mashine macho, hakuna anayemwambia mwenzake neno. Mwaka 2008 akaweka piano 15 barabarani Birmingham, zimeandikwa "Nipige, mimi ni wako". Mmoja akipiga, mwingine asimama, wa tatu auliza wimbo gani huo. Zimeshazunguka miji mingi duniani.

Na kuna yule mwanamke wa New York aliyeweka meza na viti viwili kwenye jumba la makumbusho akazungumza na maelfu ya watu. Huyo kijana wako wa Lighthouse huenda ndiko alikochukua.

#6 Mjukuu_wa_Ngomeni
Mwalimu, hapo mwisho rekebisha. Huyo ni Marina Abramović, MoMA, kuanzia Machi mpaka mwisho wa Mei 2010. Hakuzungumza na mtu hata mmoja. Walikaa wakitazamana kimya, wengine wakalia. Ni kinyume kabisa cha hiki kibao.

#7 KahawaTungu
Kutazamana kimya na mwanamke usiyemjua? Jaribu Kongowea uone.

#8 Chaki_Nyeupe
@Mjukuu_wa_Ngomeni sawa, ahsante. Hoja ya piano iko pale pale.

#9 Mama_Pilau_Majengo
Mimi nagawa wali kila maulidi na sijaitwa msanii. Huyo Mthai apewe salamu zangu.

#10 Wa_Nakuru_Nyali
Naomba niseme kama mgeni. Nimehamia Mombasa kikazi. Watu ni wakarimu, salamu hazikatiki, hilo sibishi. Ila kila mazungumzo yangu hapa yana swali la tatu: habari yako, habari ya kazi, kisha "wewe ni wa wapi?" Nikijibu, sauti inabadilika kidogo. Si ubaya. Mtu anakuwa mwangalifu, basi, na stori inaisha kwa heshima. Hizo baraza mnazozisifu mimi nazipita nikisalimia. Sijawahi kuambiwa karibu ukae.

Kile kiti cha Lighthouse nilikikalia. Upande wa pili alikuwa mzee mmoja aliyewahi kuwa karani bandarini. Yule kijana alikuwa amempisha. Akanionyesha juu ya meza, kwa chaki ya kile kibao, walivyokuwa wakihesabu magunia yanaposhuka melini: vijiti vinne wima, cha tano kinalala juu yake, halafu fungu jipya. Akasema karani mzuri haangalii gunia, anaangalia miguu ya mchukuzi, kwa sababu miguu haikudanganyi kama mzigo umepungua. Tulikaa mpaka taa zikawaka. Hakuniuliza mimi ni wa wapi.

Kwa hiyo kwa swali la pili la Fundi, jibu langu ni ndiyo, kuna tunaokihitaji.

#11 Nahodha_Mstaafu
Mwanangu wa Nakuru, marhaba, na pole. Lakini usitufahamu vibaya. Sisi tukikuuliza wa wapi, twatafuta pa kukushikia. Ukisema watoka Nakuru, mimi nitakumbuka nina mwana wa ndugu yangu alioa huko, tumeshapata ndia. Mtu usiyejua atokako utamwamkia vipi? Utamtania vipi? Huwezi kumtania mtu hujui mipaka yake. Hicho kiti ambacho hakuna anayeuliza kitu mimi chanitisha, ni mazungumzo ya watu wawili wasio na watu nyuma yao.

#12 Wa_Nakuru_Nyali
Shikamoo mzee. Nimeelewa. Lakini wewe ukipata pa kunishikia, mimi nimeshashikwa.

#13 BintiKibokoni
Afadhali amesema mgeni, maana nikisema mimi nitaambiwa nimesoma sana.

Baraza gani hiyo ya "mji wetu"? Baraza ni ya wanaume. Mimi nimelelewa nyuma ya mlango wa baraza, naijua kwa sauti: dele linavyogongwa, kikombe kinavyosuuzwa kwenye kopo la maji, babu anavyokohoa kabla ya kumkatiza mtu. Siku moja moja nikitoka, mazungumzo hukatika mpaka nipite kona. Wenyewe wasema ni heshima. Huenda. Lakini msiniambie mji huu watu wote wazungumza na wote. Wanawake twazungumza arusini, jikoni, kwa fundi cherehani, na watu tunaowajua.

Chaki_Nyeupe, katika orodha yako umemsahau Suzanne Lacy. Mwaka 1987 aliwakusanya wanawake wazee 430 Minneapolis, wakakaa kwenye meza mraba katika jumba la biashara wakizungumza maisha yao huku mji ukiwatazama kutoka juu. Na mwaka 2013 huko Brooklyn akaweka mamia ya wanawake kwenye ngazi za mbele za nyumba, vikundi vikundi, wakizungumza mambo yao, na wapita njia wakaruhusiwa kusimama wasikilize. Tafuta picha zake. Ngazi zile ni baraza tupu! Tofauti ni nani amekaa. Fanyeni hivyo Ndia Kuu kwa jioni moja tu, ndipo nitaamini.

#14 KahawaTungu
Wanaume watakaa wapi jioni hiyo?

#15 BintiKibokoni
Nyuma ya mlango, wasikilize kikohozi changu.

#16 Nahodha_Mstaafu
Huyu nampenda.

#17 LesoNaShela
BintiKibokoni, sikubali yote. Wanawake wa pwani twawasemesha watu tusiowajua kila siku na hatufungui mdomo. Leso, yaani kanga! Nauza leso Biashara Street, mtaa mmoja na wale wa Mali ya Abdulla. Mteja haangalii ua kwanza. Aikunjua upande wa chini asome jina, yale maneno yaliyoandikwa. Akicheka, nami nacheka, na aliyesimama pembeni auliza imeandikwa nini. Hapo watu watatu hawajuani wameshaanza kusemana mawifi. Kama sanaa ya mazungumzo yatafutwa, imefungwa jora dukani kwangu.

#18 BintiKibokoni
Dada, hayo ni mazungumzo dukani. Mtaani leso humsema mtu mmoja, na yule mmoja anajijua. Wapita njia ni mashahidi tu.

#19 LesoNaShela
Na shahidi si mshiriki?

#20 Bombolulu_Mmoja
Mnapita mbali. Sababu ya watu kukaa pale mimi naijua: kile kibao ni ruhusa. Sisi vijana tukikaa watano ukutani baada ya magharibi, gari la polisi likipita tunapangwa mstari. Unaulizwa kitambulisho, unaulizwa unafanya nini hapa. "Tunapiga stori" si jibu. Lakini weka kibao, meza, kitambaa, mtu aliyevaa fulana yenye maandishi, papo hapo ni mradi, na mradi haukamatwi. Sanaa hapo ni ile meza. Stori tunazo siku zote.

#21 Wa_Miritini
Hapa ndipo ukweli ulipo. Na wengi waliokaa, nakuhakikishieni, walikuwa wakisubiri fomu ya semina ya kujaza jina na namba ya simu. Ukikaa kwenye kiti cha plastiki Mombasa hutarajii mazungumzo, watarajia nauli na soda.

#22 Kanzu_na_Katiba
Na huyo kijana alikuwa na kibali? Mkutano wa hadhara bila kibali cha polisi ni kosa.

#23 Wakili_wa_Mtaa
Si kweli, na watu wengi huteswa kwa kutojua hili. Kifungu cha 37 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika kwa amani bila silaha. Sheria ya utulivu wa umma (Public Order Act) inataka anayeandaa mkutano wa hadhara atoe *taarifa* kwa mkuu wa kituo cha polisi, si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla. Taarifa, si kuomba. Na watu wawili kwenye meza kuita mkutano wa hadhara ni kutafuta kesi kwa tochi. Kutumia uwanja wenyewe ni jambo jingine, huko kila pahali na mwenye kupasimamia.

#24 Bombolulu_Mmoja
Wakili, usiku saa mbili ukutani Bombolulu nitamsomea askari kifungu cha 37?

#25 Wakili_wa_Mtaa
Msomee ukiwa na meza na kitambaa.

#26 Ukumbi_Wazi
Nimecheka, ila acheni niwape la ndani maana nimeifanya kazi hii. Zamani nilikuwa kwenye kikundi cha maigizo ya afya, tukicheza sokoni. Hatuna jukwaa. Twapiga ngoma, watu wajipanga duara, mchezo waanza: mume, mke, siri. Pakifika penye fundo, mwendeshaji anapiga makofi, wachezaji tunaganda, anaugeukia umati: huyu mama afanye nini sasa? Mtu wa samaki anajibu, mtu wa viatu anamkatalia, kisha mmoja anavutwa ndani ya duara acheze anachosema. Mbinu hiyo asili yake ni Mbrazili Augusto Boal, miaka ya 1970.

Siku moja mama muuza nazi aliingia kucheza nafasi ya mke. Badala ya kumjibu "mume" akamgeukia mwanamume mmoja pale umatini na kumwambia "wewe, sema". Kumbe si mchezo tena. Mwendeshaji wetu akatafuta pa kushika asipapate. Waliongea wale wawili mbele ya watu, kwa sauti ya kawaida kabisa, na sisi wasanii tulisimama kando na ngoma zetu hatuna kazi. Ripoti ya mwezi ikaandikwa "wananchi 120 walifikiwa".

Wa_Miritini hajakosea kuhusu nauli na soda. Lakini ukifikiri watu huja kwa sababu hiyo tu hujamwona yule mama.

#27 Mjukuu_wa_Ngomeni
Na tusisahau nchi hii iliwahi kuogopa kitu kama hicho. Kamĩrĩĩthũ, Limuru, 1977. Wanakijiji walijenga ukumbi wao wenyewe wa wazi, mazoezi yakifanywa mbele ya watu wote na mwenye kurekebisha akarekebisha. Kibali cha mchezo kikafutwa mwaka huo huo, mmoja wa walioandika mchezo huo, Ngũgĩ wa Thiong'o, akatiwa kizuizini Desemba, na ukumbi ukabomolewa 1982. Watu wakizungumza wao kwa wao kuna anayekosa usingizi.

#28 Fundi_Rangi
Kamĩrĩĩthũ waliandika mchezo, wakajenga kwa mikono, wakaimba. Kuna *kitu*. Nionyesheni kitu pale Lighthouse. Viti ni vya kukodi!

#29 Abiria_wa_Asubuhi
Salamu wote, nimesoma kimya kimya tangu mwanzo. Kuna utafiti wa London: abiria wa treni waliombwa wamwongeleshe mtu wasiyemjua. Watu hudhani itakuwa adhabu, lakini walioongea walishuka wamefurahi kuliko waliokaa kimya. Kwa hiyo shida si utamaduni. Kila mtu adhani mwenzake hataki.

#30 Chaki_Nyeupe
Ulianzia Chicago, si London. Nicholas Epley na Juliana Schroeder, ukachapishwa 2014. London waliurudia baadaye, ukatoka 2021, na matokeo yakafanana.

#31 Mtongwe_Feri
Chicago, London, yote ni treni za watu wenye viti. Njooni Likoni saa kumi na mbili asubuhi. Feri inabeba watu karibu 300,000 kwa siku, tumebanana kifua kwa mgongo, huyu ana kuku, huyu ana godoro, mhubiri kaanza, muuza njugu kapita chini ya kwapa langu. Mtoto wa mtu nimeshikishwa bila kuombwa. Mazungumzo yako pale mpaka yanamwagika baharini. Mimi nikishuka natafuta mtu wa kuninyamazia. Msanii akitaka kunisaidia aweke kiti kimoja na kibao USINISEMESHE.

#32 Abiria_wa_Asubuhi
Lakini humjui hata mmoja wa hao unaobanana nao kila asubuhi.

#33 Mtongwe_Feri
Namjua wa kuku.

#34 Kijiwe_Ilala
Nawasoma kutoka Dar. Huku vijiwe vya kahawa havina kibao na kila mtu anakaa, mgeni, mwenyeji, dereva, hata mbunge. Kahawa, kashata, tunaanza Simba na Yanga. Siri ni mada. Mkiwa na mada isiyomhusu yeyote, hakuna anayeuliza mtu katoka wapi. Hicho kibao chenu kimekosea kwa kusema "tuzungumze" bila kusema nini.

#35 Nahodha_Mstaafu
Huyu wa Dar kasema neno la maana, japo kahawa yao nyepesi.

#36 Kijiwe_Ilala
Mzee wangu shikamoo, kahawa yetu usiiguse.

#37 BintiKibokoni
Kijiwe, katika hao "kila mtu" mna wanawake wangapi?

#38 Kijiwe_Ilala
Muuza kashata.

#39 Mjukuu_wa_Ngomeni
Mmesikia habari ya lile dirisha la New York na Dublin? Mei 2024 waliweka kioo kikubwa cha duara kila mji, kamera ndani, watu wa huku wanawaona wa kule papo hapo, bila sauti. Siku chache wakalazimika kukizima kwanza maana wengine walianza kuonyesha matusi na picha mbaya. Sasa fikirieni letu: Mombasa na Unguja.

#40 Mama_Pilau_Majengo
Ndani ya saa moja kila upande utakuwa umeleta sufuria kuonyesha biriani ya kweli.

#41 LesoNaShela
Bila sauti? Tutainua leso tu, tusomane.

#42 Wa_Miritini
Turudi kwenye piano za Chaki_Nyeupe. Piano barabarani hapa itamaliza Kaskazi moja? Chumvi hii inakula mabati, itaacha nyuzi? Cha kuweka ni keram. Bodi moja, taa moja, poda. Watu wanne wanacheza, kumi wamesimama wanaelekeza bila kuombwa. Mgeni akijua kupiga malkia hakuna anayemuuliza kabila. Bei nafuu, na haihitaji kuitwa sanaa.

#43 Fundi_Rangi
Bodi ya keram naweza kuichora. Duara la kati, mishale ya pembeni, rangi ya mafuta halafu vanishi ya boti. Hiyo sasa ni kazi ya fundi.

#44 Wa_Nakuru_Nyali
Mimi keram sijui. Kile kiti hakikutaka nijue kitu.

#45 Ukumbi_Wazi
Na anayecheza hazungumzi, anapiga mahesabu. Wanaozungumza ni waliosimama, na hao wanazungumza keram tu mpaka wanakwenda kulala. Yule mzee wa magunia asingepata nafasi.

#46 Wa_Miritini
Bado ni bora kuliko kusubiri soda.

#47 BintiKibokoni
Nilipita Lighthouse jana na dada zangu kuona kwa macho. Meza ipo, kijana alikwenda kununua madafu. Familia moja imechukua viti vyote viwili wamekalisha watoto, kibao kimegeuzwa sinia ya mihogo. Magari mengine yote yamepangwa yametazama bahari, vioo juu, kila nyumba inakula ndani ya gari lake. Tulimngoja yule kijana. Aliporudi nikamuuliza kwa nini wanawake wachache. Akasema wengi husimama hatua mbili tatu hivi, wanauliza maswali wakiwa wamesimama, hawakai. Nikamwambia aondoe viti aweke mkeka, mkubwa, watu wakae kwa vikundi. Akaandika kwenye daftari. Sikukaa na mimi. Kulikuwa na mtu anapiga picha.

#48 Bombolulu_Mmoja
Hiyo simu inayopiga picha imeua mazungumzo kuliko askari.

#49 Wakili_wa_Mtaa
Hilo nalo lina sheria yake, nitaufungulia uzi mwingine.

#50 Fundi_Rangi
Mkeka sawa. Lakini kibao chake kimeandikwa vibaya, herufi zimelala kama zimelewa. Mwambieni anitafute nimwandikie, rangi nitatoa mimi. Sanaa bado sijakubali.

#51 KahawaTungu
Wa_Miritini, ile bodi uliyosema utaipata wapi? Ya kijiweni kwetu imepinda, kete zote zinakimbilia pembe moja.

#52 Wa_Miritini
Hiyo haikupinda, ni wewe hujui kupiga. Njoo Ijumaa baada ya isha nikuonyeshe.